Kasoro ya kiwandani au jeraha la mtaani? Kusoma dalili kwenye sarafu za Uganda na Afrika Mashariki

Picha huanza kuzunguka kwenye simu: sarafu ya mia tano yenye herufi mbilimbili, kikumi (shilingi 100) kisicho na mwaka, senti ya mkoloni isiyo na tundu. Chini yake kuna bei inayoweza kununua mbuzi, wakati mwingine ng'ombe. Nyingi ya sarafu hizo zilitoka kiwandani zikiwa nzima kabisa, zikaumia baadaye. Chache ni kasoro za kweli, na kati ya hizo zenye bei kubwa ni chache zaidi. Kuzitenganisha hakuhitaji utaalamu wa ajabu, kunahitaji kujua sarafu inatengenezwaje.

Uganda haina kiwanda cha kufua sarafu. Za 1966, zilizoondoa shilingi ya Afrika Mashariki, zilifuliwa Uingereza. Lakini popote inapofuliwa, njia ni ileile. Karatasi ya madini hukatwa visahani vya duara visivyo na mchoro. Visahani huviringishwa hadi ukingo uinuke kidogo, kisha kila kimoja huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, ndani ya pete tunayoiita kola. Mashine inapiga mara moja, sarafu inatoka. Basi kasoro ina milango mitatu tu ya kuingilia: kisahani, muhuri, au pigo. Alama yoyote ambayo huwezi kuipitisha kwenye mmojawapo wa milango hiyo ni jeraha la mtaani, hata kama inapendeza namna gani.

Vifaa: mizani ndogo kama ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kioo cha kukuzia mara 10, sumaku (spika mbovu ya redio inayo moja nyuma yake), na tochi ya simu. Juu ya hivyo vyote, tafuta sarafu nyingine nzima ya thamani ileile na mwaka uleule. Kwa mia tano ni rahisi, muulize kondakta yeyote wa taksi. Bila sarafu ya kulinganisha utakuwa unabahatisha.

Jambo moja kabla hujaanza: usiisugue. Dawa ya meno, ndimu, majivu na mchanga vinafuta ushahidi unaoutafuta, na mnunuzi anayejua kazi yake ataona mikwaruzo kabla hajaona kasoro.

Maandishi yanaonekana mara mbili

Hapa ndipo watu wanapodanganyika zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Maandishi mawili yana sababu tano, na ni mbili tu zenye maana kwa mkusanyaji, ya kwanza na ya mwisho.

Ya kwanza ni muhuri wenyewe kuwa na maandishi mawili. Muhuri nao hutengenezwa kwa kukandamizwa na muhuri mama. Zamani ulihitaji kukandamizwa zaidi ya mara moja, na ukisogea kidogo katikati ya kazi, herufi zinaingia mara mbili. Senti ya Marekani ya 1955 ndiyo inayotajwa na kila mtu, mwaka na maandishi yake yanaonekana mawili bila kioo. Dalili zake: herufi ni nene kuliko kawaida, nakala zote mbili zimeinuka na kuvimba vizuri, na kwenye pembe za herufi kuna mpasuko mdogo unaoonyesha pale nakala moja inapoachana na nyingine. Na kwa kuwa tatizo liko kwenye muhuri, sarafu zote zilizopigwa na muhuri huo zina alama hiyohiyo mahali palepale. Ukipata ya pili inayofanana kabisa na yako, ni habari njema.

Ya pili ni mtikisiko wa mashine. Muhuri uliolegea hugusa sarafu tena kidogo wakati unaondoka, ukiburuta ubavu wa herufi. Matokeo yake ni kama ngazi: nakala ya pili iko chini, bapa, inang'aa, na imekula upana wa herufi badala ya kuuongeza. Hii imejaa kwenye sarafu za mzunguko za karibu kila nchi. Nakubali kwamba kitaalamu imetokea kiwandani, lakini thamani yake ni ile iliyoandikwa usoni.

Ya tatu ni muhuri uliochoka. Ukishapiga sarafu nyingi, kingo za herufi kwenye muhuri hulika, na sarafu inatoka na kivuli chenye ukungu kuzunguka maandishi. Angalia uwanja, yaani ile sehemu isiyo na mchoro: ukiona mikunjo midogo inayokimbilia ukingoni, muhuri ulikuwa mzee. Haina bei.

Ya nne inazihusu sarafu zilizochovywa, ambazo ndani ni chuma na nje ni utando mwembamba wa shaba au nikeli. Pigo likiuvuta utando huo unapasuka kando ya herufi, na ule mstari mweusi unaoonekana ni chuma cha ndani kikichungulia, mara nyingi tayari kimeshika kutu. Shilingi 1 na 2 za 1987, zile za shaba juu ya chuma, zinapenda sana ugonjwa huu.

Kuna pia sarafu iliyopigwa mara mbili kabisa kwa sababu haikutoka mashineni kwa wakati. Hiyo huitilii shaka: mchoro wote upo mara mbili, wa kwanza umebondwa chini ya wa pili. Ndiyo kasoro ya maandishi mawili inayotafutwa zaidi pamoja na ile ya muhuri.

Herufi au tarakimu ya mwaka haipo

Mihuri hupakwa mafuta, na mafuta yakichanganyika na unga wa madini hutengeneza uji mgumu unaoziba mashimo ya herufi. Herufi iliyozibwa haiwezi kuinuka kwenye sarafu. Dalili ni kufifia polepole: B ipo nusu, A ni kivuli, N haipo kabisa, halafu K imerudi. Uwanja mahali hapo ni laini, una rangi na mng'ao sawa na sehemu nyingine.

Sasa mulika tochi kutoka ubavuni. Ukiona mistari midogo iliyolala sambamba, mtu amepitisha tupa. Ukiona kibonde, mtu amekwangua. Mizani inaweza kuthibitisha, maana aliyekwangua ameondoa madini, lakini uji wa mafuta hauondoi uzito wowote.

Kuchakaa kwa kawaida nako kuna utaratibu wake. Vidole na mifuko hula sehemu zilizoinuka zaidi kwanza, tena pande zote mbili. Kama upande mmoja nembo ina kila unyoya wa korongo na upande wa pili mwaka haupo, si kuchakaa. Kama korongo mwenyewe amebaki kivuli, usihangaike na mwaka.

Kuna mstari au nundu isiyostahili

Jiulize swali moja: imeinuka au imezama? Kilichopungua kwenye muhuri huinuka kwenye sarafu. Muhuri ukipasuka, madini ya sarafu yanaingia kwenye ufa, na sarafu inapata mstari ulioinuka wenye kona zisizo na mpangilio, mara nyingi ukianzia ukingoni. Mstari uliozama mara nyingi ni mkwaruzo, na mkwaruzo mtu yeyote anaweza kuutengeneza.

Ufa ukiendelea, kipande cha muhuri kinaweza kung'oka kabisa ukingoni. Hapo sarafu hubaki na bonge la madini lisilo na mchoro, ukingo wake umemezwa. Geuza upande wa pili: mahali palepale, mchoro lazima uwe dhaifu, kwa sababu madini yalikimbilia kwenye shimo na hayakutosha kuujaza muhuri wa upande wa pili. Bonge lisilo na udhaifu upande wa nyuma ni risasi ya kulehemu au gundi. Bonyeza kwa kijiti cha meno. Gundi hubonyea.

Viputo vidogo vya duara kwenye sarafu zilizochovywa ni hewa au kutu chini ya utando. Vinachosha kuvitazama, na havina bei.

Kipande cha sarafu hakipo

Wakati wa kukata visahani, karatasi ya madini isiposogea vya kutosha, kisu kinakata tena juu ya tundu lililokwishakatwa. Kisahani kinatoka na pengo la mviringo, kama mwezi ulioumwa. Kikikatwa kwenye mwisho wa karatasi, pengo ni la mstari ulionyooka.

Kasoro hii ina kipimo kizuri kuliko nyingine zote. Tazama ukingo ulio mkabala kabisa na pengo. Wakati kisahani kinaviringishwa ili ukingo uinuke, shinikizo la upande mmoja hutegemea upande wa pili, na pale penye pengo hapakuwa na kitu cha kusukuma. Kwa hiyo ukingo wa mkabala hutoka dhaifu au haupo. Wakusanyaji huiita athari ya Blakesley. Si kila pengo la kweli linaionyesha, lakini ikiwepo ni vigumu kuighushi.

Kipimo cha pili ni herufi zilizo jirani na pengo. Pengo lilikuwepo kabla ya pigo, basi madini yalitiririka kuelekea huko na herufi zimevutika, zimenyauka kidogo. Pengo lililokatwa na mkasi wa bati linapita katikati ya herufi kama kisu kwenye mkate, na kingo zake ni kali.

Mchoro umehama, au sarafu imetanuka

Kisahani kisipokaa vizuri kwenye kola, mihuri hukipiga upande, na sehemu iliyobaki inakuwa mwezi mwandamo usio na mchoro. Pande zote mbili lazima zihame kwa kiasi kinacholingana, na ule mwezi uwe laini kama kisahani kipya. Ikiwa mwaka umebaki unasomeka, wanunuzi huipenda zaidi.

Kola isipopanda kabisa, mchoro unabaki katikati lakini sarafu inatanuka na kukosa ukingo, hata meno ya ubavuni hayapo. Hapa tahadhari. Vijana waliokulia karibu na reli, kuanzia Tororo hadi Kampala, wanajua kinachotokea ukilaza sarafu relini na kusubiri treni. Inatanuka kweli, lakini mchoro unatanuka nayo, herufi zinakuwa bapa na za yai. Sarafu iliyotanukia kiwandani ina mchoro wa kipimo cha kawaida na herufi zenye makali, kilichoongezeka ni ile sehemu ya nje tu. Uzito haubadiliki kwa yoyote kati ya hizo, kwa hiyo mizani haikusaidii. Ilinganishe na ile nzima, herufi kwa herufi.

Mchoro uliozama na kugeuka kama kwenye kioo

Sarafu iliyokwisha kupigwa ikinata kwenye muhuri, kisahani kinachofuata kinapigwa dhidi yake. Upande mmoja unatoka kawaida, upande wa pili unatoka na picha ya upande uleule, imezama na imegeuka. Ni kasoro ya kweli, adimu, na ya kuvutia.

Ndiyo maana inaigizwa. Chukua sarafu mbili, zibane kwenye jiliwa, kaza. Karakana yoyote ya Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, ina jiliwa la kutosha kazi hiyo, na mafundi wa pale hawaulizi unachobana. Alama ya uigizaji ni kwamba mchoro wa awali bado upo chini: utaona shingo ya ng'ombe wa kikumi inapitiwa na herufi zilizogeuka. Tena geuza, upande wa pili umebondeka. Kwenye kasoro ya kweli hakuna mchoro wa awali chini, maana sehemu ile haikuwahi kuguswa na muhuri wake.

Usichanganye na kivuli hafifu cha mchoro wa upande wa pili kinachoonekana uwanjani. Hicho hutokea mihuri ikigongana bila kisahani katikati. Ni cha kweli pia, ila ni cha kawaida na bei yake ni ndogo.

Rangi si yake

Mia tano ya 1998, yenye korongo, ni ya manjano. Ukiletewa nyeupe, ipime kwanza. Ya kawaida ina gramu 9 hivi. Nyeupe yenye gramu hizohizo ni ya manjano iliyochovywa na mtu, na kwenye sehemu zilizoinuka, pale vidole vinapogusa sana, manjano huchungulia. Iliyopigwa kwenye kisahani cha sarafu nyingine inapaswa kuwa na uzito wa sarafu hiyo nyingine. Kiwanda kinachofulia nchi nyingi kinaweza kuchanganya visahani, ila mizani lazima iseme hivyo.

Bluu, zambarau na wekundu ni moto. Sarafu hupita kwenye takataka zinazochomwa zaidi ya tunavyofikiri. Weusi na kijani ni udongo. Sarafu nyembamba yenye herufi zilizokonda pande zote sawasawa, kama mgonjwa, imelowekwa kwenye asidi.

Sumaku inaikamata moja na kuiacha nyingine

Wengi hushtuka hapa, na hakuna cha kushtukia. Shilingi 100 na 200 za 1998 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, sumaku haizigusi. Za miaka ya baadaye zilihamia kwenye chuma kilichochovywa, na sumaku inazidaka. Hayo ni mabadiliko ya gharama. Historia ilikwisha kufanya hivyo: senti 50 na shilingi 1 za 1966 hazishikwi na sumaku, za 1976 zinashikwa. Ingekuwa kasoro kama ungepata ya 1966 inayoshikwa, au ya 1976 isiyoshikwa. Hiyo ipime, ipige picha, na usiitumie kununua rolex ya chapati na mayai.

Nembo iko wima, thamani imepinduka

Shika sarafu kwa vidole viwili, kimoja juu kimoja chini, nembo ikiwa wima, kisha izungushe kama mlango. Upande wa pili unapaswa kusimama wima pia. Ukiinama, muhuri mmoja ulilegea ukazunguka. Nyuzi chache si kitu. Robo mzunguko na zaidi ndipo mtu anaanza kuongea bei. Kumbuka kwamba nchi nyingine zina desturi yao, ya Marekani kwa mfano huonekana imepinduka kwa mzunguko huo na iko sawa kabisa.

Senti za tundu

Senti za zamani za Afrika Mashariki, za 1, 5 na 10, zina tundu katikati. Tundu lilitobolewa kwenye kisahani kabla ya pigo, kwa hiyo likihama lilihamia kiwandani, na mchoro unaonyesha madini yakijaza au kukosa mahali. Isiyo na tundu kabisa ni kitu cha kutafutwa, na ndiyo inayoigizwa sana kwa kuziba tundu. Weka kioo katikati: mahali pa tundu panapaswa kuwa na madini yaleyale bila mzunguko wa kiungo. Tundu la ziada, kwenye sarafu yoyote, ni keekee. Bibi zetu walizivaa, wengine walizifanya washa za misumari ya mabati.

Humuhumu kwenye senti kuna vitu vinavyouzwa kama kasoro na si kasoro. Herufi ndogo H, KN, I au SA ni alama za viwanda: Heaton wa Birmingham, King's Norton, Bombay, na Pretoria. Senti za 1936 zenye jina la Edward VIII zinatajwa kuwa za ajabu kwa sababu mfalme huyo alijiuzulu Desemba mwaka huohuo, ila zilifuliwa kwa wingi na bado zipo kwenye makopo ya wazee. Za 1964 hazina jina la malkia, kwa kuwa nchi zilikuwa zimejitawala. Shilingi ya zamani yenye weupe wa fedha na ile ya 1948 na kuendelea zinatofautiana rangi kwa sababu fedha iliondolewa. Na shilingi 5 za Uganda za 1972, ambazo ziliondolewa kabla hazijaenea, ni adimu kweli, lakini hazina kosa hata moja.

Kosa halisi la ukoo huo lilikwenda kwa majirani wa mbali: peni ya Afrika Magharibi ya 1936 yenye H, ambayo upande mmoja ulipigwa kwa muhuri wa senti 10 zetu. Mtu aliyechukua muhuri pale Birmingham alichukua wa rafu nyingine.

Vichwa viwili, au moyo umetoka

Sarafu yenye nembo pande zote ni ya mazingaombwe. Imechongwa kwa mashine, nusu moja imeingizwa ndani ya nyingine. Tafuta mstari wa kiungo ndani ya ukingo, kisha iangushe juu ya meza, haitalia kama mwenzake.

Za rangi mbili kutoka Kenya, za shilingi 5, 10, 20 na ile ya 40 ya 2003, zinafika Busia na Malaba kila siku. Moyo uliotoka na kuacha pete hauna maana peke yake, nyundo inautoa. Chenye maana ni pete iliyopigwa bila moyo, ambapo madini yameingia kidogo ndani ya uwazi, au moyo uliokaa upande na mchoro ukapita juu yake bila kukatika.

Ukibaki na shaka

Piga picha nne: mbele, nyuma, ubavu, na sarafu ikiwa juu ya mizani namba zikisomeka. Ya tano iwe yako na ile nzima zikiwa pamoja, kwenye mwanga mmoja. Muuzaji akikutumia picha ya upande mmoja tu, muombe hizi tano kabla hujaulizia bei. Akisema mizani hana, mtaa wowote wenye sonara unayo.